Besi imehama na pointi hazikubaliani: soma tofauti kwanza, ndipo urekebishe

Mchana mmoja katika tambarare ya Kano karibu na Kisumu, Kenya, upande wa Ahero, nilirudi kwenye msumari niliokuwa nimeupima asubuhi nikaupima tena. Rova (kipokezi cha setilaiti ninachotembea nacho) ilikuwa na fiksi (jibu lililotulia la usahihi wa sentimita) na skrini ilionyesha usahihi wa sentimita 1. Lakini kodineti mpya zilikuwa mbali na zile za asubuhi kwa sentimita 61. Msumari wenyewe nilikuwa nimeugonga kwenye zege la kivuko cha mfereji, na msumari wa namna hiyo hauendi popote. Nikapanda boda hadi uwanja wa shule nilikoiacha besi, kipokezi kinachosimama mahali pamoja na kuitumia rova masahihisho. Soja niliyemwachia ailinde akaja mbio: "Injinia, ng'ombe walikuja na kamba zao wakataka kuiangusha, nikaisogeza kidogo tu." Mashimo matatu ya miguu ya mwanzo yalikuwa bado wazi kwenye udongo mweusi, na msumari wa besi umebaki peke yake katikati yao. Nilishusha timazi chini ya antena pale iliposimama sasa, nikapima kwa tepu hadi msumarini: sentimita 61.

Nilimshukuru, kwa sababu aliokoa kifaa chenye bei ya shamba. Kazi ya siku ile haikupotea pia, maana tofauti ile ilikuwa na umbo linaloeleweka, na nilikuwa na misumari ya kunisaidia kulisoma. Kosa ninaloliona mara nyingi kwa vijana tunaofanya nao kazi Kisumu na Nakuru ni kufungua lahajedwali haraka, kujumlisha namba fulani kwenye safu nzima, na kushangilia pointi moja ikikubali. Baada ya wiki mfereji hauingii kwenye ramani na hakuna anayekumbuka kilichoongezwa wapi.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba besi haijui iko wapi. Inajua ulichoiambia. Inatangaza kodineti zake (katika ujumbe namba 1005 au 1006 wa RTCM, lugha ambayo besi na rova huzungumza) pamoja na vipimo vyake vya setilaiti, rova inakokotoa mshale kutoka besi hadi yenyewe, kisha inaujumlisha na kodineti zilizotangazwa. Ile sentimita 1 kwenye skrini ni usahihi wa mshale. Haisemi lolote kuhusu kama besi ilikuwa mahali ilipodai. Ukiipa besi uongo wa mita 4, rova itaurudia uongo huohuo kwa kila pointi, tena kwa usahihi mkubwa.

Kabla ya kugusa namba yoyote

Nakili faili ghafi mahali pengine na usiifungue tena. Kisha ipe kila pointi mzazi wake: ilipimwa kutoka usimikaji upi wa besi? Kila mara besi inapozimwa, kuhamishwa au kusukumwa, huo ni usimikaji mpya hata kama umeirudisha juu ya msumari uleule. Programu nyingi za rova huandika kodineti za besi kwenye safu mojawapo ya faili inayotolewa; zitafute. Kama hazipo, tumia saa. Hapo angalia sana, kwa kuwa faili nyingi ghafi huandika saa za GPS au za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Pointi iliyoandikwa 09:40 ulipima saa saba kasoro dakika ishirini mchana.

Halafu unahitaji pointi zilizopimwa kutoka besi zote mbili, si chini ya tatu, na zisikae kona moja ya eneo. Pointi moja itakuonyesha kiasi cha tofauti lakini haiwezi kukuonyesha umbo lake. Tatu zilizozunguka kazi zitakuambia kama kila kitu kimesogea pamoja, kimezunguka, kimevutika, au hakina mpangilio. Kama hukuziacha siku ya kwanza, rudi uwandani upime upya vitu vilivyo imara: kona ya kalvati, bikoni, kifuniko cha manholi. Ukingo wa mfereji wa udongo hautoshi.

Pointi zote zimesogea mita kadhaa, upande mmoja, kiasi kilekile

Hili ndilo la kawaida kuliko yote. Siku ya pili umeiweka besi mahali papya, ukabonyeza kitufe cha kuchukua mahali ilipo, ikajipatia kodineti kutoka setilaiti peke yake. Kodineti za namna hiyo hukosea mita moja, mbili, hata tano, na mwinuko huwa mbaya zaidi.

Hesabu ya kazi moja ya mfereji, misumari mitatu, siku ya kwanza ukitoa siku ya pili:

N1: mashariki +1.381, kaskazini −2.145, mwinuko −3.076
N2: mashariki +1.388, kaskazini −2.139, mwinuko −3.061
N3: mashariki +1.376, kaskazini −2.151, mwinuko −3.084

Usitazame ukubwa wa namba kwanza. Tazama zinavyokubaliana. Kwa usawa (mashariki na kaskazini) zinapishana milimita 12, kwa mwinuko milimita 23. Huo ni mtawanyiko wa kawaida wa vipimo vya rova, kwa hiyo hakuna kuzunguka wala kuvutika; ni kusogea tu. Chukua wastani: +1.382, −2.145, −3.074. Jumlisha kwa kila pointi ya siku ya pili, na kwa pointi za siku ya pili pekee. N1 ya siku ya pili ilikuwa 713,898.731 mashariki, 9,981,412.698 kaskazini, mwinuko 1,148.946. Baada ya masahihisho inakuwa 713,900.113, 9,981,410.553 na 1,145.872. Siku ya kwanza ilisomeka 713,900.112, 9,981,410.553 na 1,145.870. Hapo naweza kulala.

Kuna anayeuliza kama kusogeza hivi ni halali, maana dunia ni mviringo na besi iliyodanganywa inapotosha mshale wenyewe. Ni kweli inapotosha, ila kidogo. Kosa la mita 5 kwenye besi, kwa rova iliyo kilomita 5 mbali, huacha milimita chache tu. Kosa likiwa la makumi ya mita, au mshale ukiwa mrefu sana, usisogeze kwa mkono. Kokotoa upya kutoka data ghafi.

Ndugu wa tatizo hili ni namba iliyochapwa vibaya. Kama tofauti iko kwenye mhimili mmoja tu, na ni namba kamili kama 9, 18, 27 au 0.090, shuku kwamba tarakimu mbili jirani zilibadilishana nafasi. Ukiandika 713,624 badala ya 713,642 unapata 18, na tofauti ya tarakimu zilizopinduliwa hugawanyika kwa 9 daima. Hapo usitumie wastani wa misumari. Rudi kwenye daftari usome namba sahihi, utumie tofauti kamili.

Asubuhi inakubali, mchana haikubali

Hapa besi imeguswa ikiwa kazini. Ng'ombe, upepo, watoto, au mtu mwenye nia njema. Dalili yake ni kuruka kwa ghafla: pointi kabla ya saa fulani ziko sawa, baada yake zote zimehama kwa kiasi kimoja, kwa kawaida chini ya mita.

Hapa watu hukosea alama ya + au −. Besi iliposogezwa pale shuleni ilienda kusini-mashariki: sentimita 55 mashariki na 27 kusini. Pointi zangu za mchana zilienda upande wa pili, kaskazini-magharibi. Sababu ni kwamba besi iliendelea kutangaza kwamba iko juu ya msumari, na mshale kutoka mahali ilipo kweli ulipungua sentimita 55 upande wa mashariki. Kwa hiyo ukipima kwa tepu besi imehama wapi, masahihisho ya pointi yanafuata mwelekeo uleule wa besi: +0.55 mashariki, −0.27 kaskazini. Nilikuwa na bahati ya kupata jibu moja kwa njia mbili, tepu na misumari. Ukiwa na njia moja tu, chora mchoro mdogo daftarini, mishale miwili, kabla ya kuandika alama yoyote.

Kwa mwinuko amini misumari, kwa sababu tripodi iliyobebwa haisimami tena kwa kimo kilekile wala haiko sawa kwa pimamaji. Antena iliyoinama bado hutoa kosa lisilobadilika mradi isiguswe tena, kwa hiyo misumari italikamata.

Ardhi inaonekana kupanda siku nzima

Udongo mweusi wa Kano unajulikana na kila mkulima wa mpunga: ukilowa unavimba na kulegea, ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Tripodi yenye besi na betri nzito huzama humo polepole. Besi ikizama sentimita 3 bila kujua, kila pointi hupanda sentimita 3. Kwa barabara ya murram pengine hutajali. Kwa mfereji wa umwagiliaji, ambako maji yanategemea mteremko wa sentimita chache kwa kila mita 100, utaambiwa maji yapande mlima.

Utaligundua tu kama ulipima msumari mmoja mara tatu au nne kwa siku. Ukiona mwinuko wake asubuhi 1,145.870, saa sita 1,145.884, jioni 1,145.899, tripodi inashuka. Gawa tofauti kwa muda: kila pointi ipunguziwe kulingana na saa iliyopimwa. Ni masahihisho dhaifu, maana hujui kama tripodi ilizama taratibu au kwa mshtuko mmoja, na mimi huyatumia tu pale tofauti nzima haizidi sentimita 5. Dawa ni kuweka vipande vya mbao au tofali chini ya kila mguu, na kuikanyaga tripodi kwa nguvu dakika kumi kabla ya kuanza.

Usawa uko sawa, mwinuko peke yake umepotoka

Ukikuta mashariki na kaskazini zinakubali ndani ya sentimita 2 lakini mwinuko umehama kwa kiasi kimoja kila mahali, kodineti za besi hazina shida. Tafuta kimo cha antena.

Kimo kina makosa mawili yenye alama zinazopingana. Kwenye besi, ukiandika 1.45 wakati antena iko 1.54, rova huamini kwamba besi iko chini zaidi ya ilivyo, na pointi zote hushuka sentimita 9, unajumlisha. Kwenye rova, ukiandika fimbo ya 1.80 wakati umeirefusha hadi 2.00, programu hutoa kidogo mno na pointi hupanda sentimita 20, unapunguza. Tofauti ya sentimita 20 kamili karibu kila mara ni fimbo, si besi. Tena angalia ilianzia pointi gani, kwa sababu fimbo hubadilishwa katikati ya kazi pale mtu anapoingia kwenye miwa iliyokomaa na kuirefusha aone anga.

Tofauti ya milimita chache hadi sentimita 1 hutokana na kupima kimo kwa mshazari hadi ukingo wa antena na kukiandika kama cha wima. Na ikiwa tofauti inalingana kabisa na kimo chote cha antena, mita 1.5 na kitu, kimehesabiwa mara mbili au hakikuhesabiwa kabisa. Hutokea sana besi ya aina moja inapohudumia rova ya aina nyingine: moja inatangaza mahali pa antena, nyingine inadhani ni mahali pa msumari.

Ikizidi mita 10, umechanganya mwinuko wa elipsoidi (umbo laini la dunia ambalo setilaiti hulitumia) na mwinuko wa usawa wa bahari (unaofuata jioidi). Huku kwetu jioidi iko chini ya elipsoidi, kwa hiyo mwinuko wa setilaiti husomeka mdogo kuliko wa ramani. Ziwa Victoria ni kipimo kizuri cha haraka: uso wake uko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Ukisimama Dunga ufukweni na rova ikakupa namba iliyo chini ya hapo kwa zaidi ya mita 10, hakuna kilichoharibika. Siku ya kwanza ulikuwa na modeli ya jioidi, siku ya pili hukuiwasha. Iwashe na utoe faili upya. Usijumlishe namba moja kwa mkono, kwa sababu jioidi hubadilika kutoka mahali hadi mahali.

Tofauti inakua kadiri unavyoenda mbali

Ukiona msumari wa karibu unakosea sentimita 2, wa kilomita moja sentimita 14, wa kilomita mbili sentimita 25, acha kabisa wazo la kusogeza. Wastani wa namba hizo hausahihishi kitu. Unahamisha kosa kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine.

Chanzo cha kwanza ni kalibresheni ya eneo iliyofanywa na besi ya zamani. Siku ya kwanza ulianzisha besi kwa kitufe, ukapima bikoni nne, programu ikatafuta mzunguko na kipimo kinachoingiza vipimo vyako kwenye bikoni. Kalibresheni ile ilimeza kosa la besi ile. Besi mpya ina kosa lake tofauti, ambalo peke yake lingesogeza tu; tofauti hukua pale mzunguko na kipimo vya kalibresheni vinapotumika siku moja na kukosekana siku nyingine. Rudisha besi kwenye mahali pa kwanza kwa kodineti zilezile za kwanza hata kama hazikuwa za kweli, na kalibresheni ileile, au pima bikoni zote nne upya ufanye kalibresheni mpya.

Chanzo cha pili hakina uhusiano na besi, ila hugunduliwa siku besi inapohamishwa, kwa sababu ndiyo siku watu hupima umbali kwa tepu. Umbali wa kwenye gridi ya UTM (mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda za nyuzi 6) si umbali wa ardhini. Mji wa Nakuru uko karibu na ukingo wa kanda ya 37, mbali sana na mstari wake wa kati ulio nyuzi 39, na tena uko juu, kama mita 1,850. Ukiyaweka yote pamoja, kilomita moja ya ardhini huonekana kwenye gridi kama mita 1,000.6. Sentimita 60! Kisumu, ambayo iko ndani zaidi ya kanda ya 36 na iko chini zaidi, kilomita hupungua kama sentimita 11 tu. Kijana aliyejifunzia kazi Kisumu akahamia Nakuru atadhani besi yake imeharibika. Haijaharibika. Amua mapema mchoro wako unatumia umbali wa gridi au wa ardhini, andika kwenye mchoro, na usichanganye.

Mita 300, mita milioni 10, au rova inakataa fiksi kabisa

Tofauti kubwa mno ndizo rahisi kutatua. Ukikuta takriban mita 300 kaskazini-kusini na kama 90 mashariki-magharibi, besi moja ilipewa kodineti za datumu (msingi ambao kodineti huhesabiwa kutoka kwake) ya Arc 1960, ambayo ramani zetu za zamani zinaitumia, na nyingine za WGS84, datumu ya GPS. Badilisha datumu kwa programu, usisogeze. Tena ukiambiwa bikoni ina kodineti za Cassini, kama zilivyo nyingi za mashamba, hizo ni mfumo mwingine kabisa na hazifai kuchapwa kwenye besi kama UTM.

Kazi ya bomba la maji kutoka Kisumu kupita Maseno kuelekea Luanda inavuka Ikweta. Upande wa kusini, namba yako ya kaskazini husomeka milioni 9.99 na kitu. Ukivuka, programu iliyoachwa ijichagulie huanza tena kutoka sifuri. Chagua kusini kwa kazi nzima, na pointi za ng'ambo zitapita milioni 10 bila tatizo. Njoro na Nakuru nazo zimetenganishwa na nyuzi 36, mpaka wa kanda: Njoro husomeka kama 827,000 mashariki katika kanda ya 36, na katikati ya mji wa Nakuru kama 174,000 katika kanda ya 37. Ukihamisha besi kutoka Njoro hadi mjini na kuchapa kodineti mpya bila kubadilisha kanda, besi hujitangaza mamia ya kilomita kutoka ilipo. Rova itapokea masahihisho vizuri, setilaiti zitakuwa 20 na zaidi, na bado haitapata fiksi. Tazama urefu wa mshale kwenye skrini. Ukisoma kilomita 660 na kitu wakati besi unaiona kwa macho, umepata jibu.

Tofauti haina mpangilio wowote

N1 imehama sentimita 40 mashariki, N2 sentimita 25 kusini, N3 iko sawa. Hapa hakuna masahihisho. Baadhi ya pointi zilipimwa kwa floti (jibu ambalo halijafikia fiksi), au kwa fiksi ya uongo chini ya miti, kando ya paa la mabati, au ndani ya miwa. Angalia safu ya hali ya kipimo, tenga zisizo na fiksi, na zilizobaki zipime tena kwa saa nyingine ya siku. Tuko karibu na Ikweta ya sumaku, tabaka la ioni juu yetu huchafuka hasa jua linapozama na baada yake, na mshale mrefu huumia zaidi. Kazi nyeti ifanye asubuhi, na besi iwe karibu.

Kufanya masahihisho yenyewe

Kama programu yako huhifadhi mishale, usisogeze chochote kwenye lahajedwali. Badilisha kodineti za besi ndani ya kazi na uiache ikokotoe upya. Kama inahifadhi kodineti tu, weka safu mpya pembeni: za awali, masahihisho, za mwisho. Usiandike juu ya za awali. Makosa mawili yanayorudi kila mara ni kubadilisha besi ndani ya programu kisha kujumlisha tena kwenye lahajedwali, na kusahihisha pointi za besi zote mbili kwa sababu zilikuwa kwenye faili moja. Msumari uliopimwa kutoka besi zote mbili utakufichulia yote mawili: baada ya masahihisho, vipimo vyake viwili lazima vikutane. Na usitumie misumari yote kutafuta wastani. Mmoja uuweke kando, usiuguse katika hesabu, uje kuwa shahidi.

Picha za droni ni bora uzikokotoe upya kutoka data ghafi ya besi na ya droni, ukiwa na kodineti sahihi. Programu ya RTKLIB hufanya hivyo bila malipo. Ukishatengeneza modeli, kuisogeza ni kazi ya kuumiza kichwa.

Swali la kodineti sahihi ni zipi linataka data ghafi ya besi yenyewe. Iache besi iandike saa 2 au zaidi, mimi napenda 4, geuza faili kuwa RINEX (umbizo la data ghafi linalosomeka na programu zote), uitume kwa huduma za mtandaoni za kukokotoa mahali, AUSPOS ya Australia au CSRS-PPP ya Kanada. Zote hazilipishwi na hujibu kwa barua pepe. Jibu la siku inayofuata linatosha kwa kazi nyingi. La wiki mbili hivi baadaye, obiti za mwisho zikishatoka, ni bora kidogo. Hata hivyo, kuunganisha besi ya kwanza na ya pili amini misumari, maana inakupa sentimita 1 au 2. Huduma hizo zitumie kuunganisha kazi nzima na dunia. Na andika tarehe: jibu linatoka katika mfumo wa dunia wa siku ile, na bara letu linasogea kuelekea kaskazini-mashariki karibu sentimita 3 kwa mwaka. Besi ya 2019 na besi ya 2024 kwenye msumari mmoja zitapishana zaidi ya sentimita 10, na hakuna aliyekosea.

Kwa mipaka ya mashamba, usisogeze bikoni kwa hesabu ya mezani kisha ukampa mzee kodineti mpya. Chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, kazi hiyo ni ya sorovea mwenye leseni, naye atataka kuona daftari, faili ghafi na kila namba iliyojumlishwa.

Kazi yangu ya Ahero ilibaki na swali moja: besi ilisogezwa saa ngapi hasa? Soja alisema ni kabla tu ya kengele ya chakula. Niliituma data ghafi ya besi CSRS-PPP kwa hali ya kifaa kinachotembea, na kwenye jibu mstari ulikuwa umetulia asubuhi nzima, ukaruka saa 09:47, ukatulia tena chini ya dakika mbili baadaye. Kwa saa zetu ni saa saba kasoro dakika kumi na tatu. Pointi za kabla ya hapo niliziacha, za baada yake nilizisahihisha. Nne zilizopimwa tripodi ikiwa mikononi mwake hazikuwa na masahihisho yoyote ya kuaminika. Nilizifuta, na kesho yake asubuhi nikarudi kwenye mfereji kuzipima upya, besi ikiwa juu ya msumari wake na matofali matatu chini ya miguu.